Wazazi wenye watoto wanaochora, kuimba na kutunga, njooni tuongee: hivi huwa mnaangalia nini?

MamaWawili (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Humu nimekuwa msomaji tu muda mrefu ila leo nimeona nianzishe uzi maana hili jambo limenijaa kichwani na baba watoto nimeshamwongelesha mpaka kachoka.

Nina watoto wawili, wa kike ana miaka 8, wa kiume ana 5. Dada mtu anachora na kutunga hadithi, mdogo mtu yeye ni wa kugongagonga vitu na kuimba kutwa nzima. Sijaja kuwatangaza, watoto wa hivi wapo kila nyumba na wengine wamewazidi hawa wangu mbali tu. Ninachotaka tuongee ni sisi wazazi. Mtoto anakuja na mchoro wake, wewe upo na simu au unapika, unaangalia karatasi sekunde mbili unasema waoo mzuri, karatasi inabandikwa kwenye friji au inaishia kwenye taka na habari imekwisha. Sasa mimi naona hapo tunapishana na kitu kikubwa sana. Ile karatasi ni mabaki tu, kazi yenyewe ilifanyika kabla haijakufikia na kama unataka kujua mwanao ana nini ndani yake basi mwangalie wakati anafanya.

Nitoe mfano. Binti yangu alishikwa na paka. Kila karatasi paka, nyuma ya daftari la hesabu paka, kwenye vumbi la dirishani paka. Kichwa alikuwa anakipatia vizuri tu, masharubu, masikio, ila miguu ya nyuma ilikuwa inamshinda, anaichora imenyooka kama miguu ya meza halafu anaitazama anakunja uso, anafuta, anachora tena ileile, anafuta mpaka karatasi inatoboka. Nilikuwa namwona na sikusema kitu. Sasa siku moja nipo jikoni nikamwona kalala kifudifudi sakafuni, shavu limegusa chini kabisa, macho yapo usawa mmoja na paka aliyejilaza zake chini ya kiti, na kidole chake kinachora hewani taratibu. Paka alipoinuka kuondoka naye akamfuata kwa magoti mpaka mlangoni. Aliporudi mezani akachora mguu wenye kona mbili, moja inatazama mbele na nyingine nyuma, akaniita, "mama, goti la paka linakunjia nyuma!" Kiukweli pale sio goti, ni kisigino, paka anatembea kwa vidole na kisigino chake kinakaa juu hewani, goti lenyewe limejificha huku karibu na tumbo. Hilo nilikuja kumwelezea baadaye. Ila ile kona aliiona mwenyewe kwa macho yake, hakuna mtu aliyemwonyesha, na ule mchoro ukiuangalia wala sio mzuri kiviiile, mtu mwingine angeupita tu.

Kwangu mimi kile kitendo cha kulala chini ndio kipaji. Kuona kwamba hapa kuna kitu hakijakaa sawa, kukataa kukiacha, halafu kwenda kutafuta jibu kwenye kitu chenyewe badala ya kumuuliza mkubwa.

Huyu wa kiume naye ana yake. Alianza na mifuniko ya sufuria, tukahamia kwenye ndoo, kelele sitaki hata kuelezea. Halafu kuna siku akagundua glasi zenye maji. Anagonga kwa kijiko, anakunywa kidogo, anagonga tena, sauti imebadilika, akasimama kabisa. Ukigonga glasi, maji yakiwa mengi sauti inakuwa nzito na yakipungua inakuwa nyembamba, kwasababu maji yanaielemea glasi inatetemeka polepole. Yeye hayo hayajui. Ila alizipanga glasi kwa mstari, akawa anaongeza maji matone matone na kupunguza, anagonga, anatikisa kichwa kukataa, anapunguza tena, na zile sauti akazipa majina, nzito kabisa ni "baba", ya katikati "mama", nyembamba "mtoto". Siku hizi akiimba akifika pazuri anasema sasa anaingia mtoto. Huyu hajawahi kukaa mbele ya mwalimu wa muziki hata siku moja.

Haya, na nyie leteni zenu. Watoto wenu wanafanya nini, na nyie mnakaa wapi wakati wanafanya?

---

Kalamutupu

Uzi mzuri dada ila ngoja nikupinge kidogo. Kila mtoto anachora. Kila mtoto anagonga sufuria. Wakifika miaka kumi na mbili wote wanaacha. Sasa kipaji kipo wapi hapo au ni utoto tu na wazazi wa siku hizi tunapenda kuona maajabu? Mwanangu wa miaka 3 na nusu anachora mtu ni kichwa kina miguu, mikono inatoka masikioni, mke wangu anataka tumtafutie mwalimu.

---

MamaWawili

Kaka Kalamutupu nimekuelewa na kwa sehemu upo sahihi kabisa, watoto wote wanapita njia inayofanana. Huyo mtu wako wa kichwa na miguu watoto karibu wote wanamchora kwenye miaka 3 hadi 4. Kabla ya hapo kuna mikwaruzo, halafu mikwaruzo inaanza kujizungusha inakuwa duara, duara linapata macho, linaota miguu, ndio mtu huyo. Mwalimu wa sanaa mmoja aliyetokea Austria, Viktor Lowenfeld, alizipanga hizi hatua kwenye kitabu chake cha mwaka 1947, na ukizisoma halafu ukaangalia makaratasi ya mwanao unaona kabisa zinafuatana. Kuna umri mtoto anachora mstari chini ndio ardhi na mstari wa bluu juu ndio mbingu na katikati hamna kitu. Kuna umri anachora nyumba na watu wa ndani wote wanaonekana kama vile ukuta haupo. Kuna umri mama anakuwa mrefu kuliko nyumba kwasababu mama ndio mkubwa kwake.

Kwahiyo wala usitafute mwalimu, yule mtu wa kichwa na miguu hajakosewa. Usimwambie mkono hautoki sikioni. Atauhamisha mwenyewe siku atakayoona haja.

Ila hapo uliposema kwahiyo hakuna kipaji ndio tunaachana. Hatua ni za wote lakini namna ya kuzipita haifanani. Kuna mtoto anachora kwasababu makapeni yapo mezani na yakiondolewa anaenda kucheza mpira na hakuna ubaya wowote. Kuna mwingine ukimwondolea makapeni anachora kwa maji ya kunawa juu ya meza, anachora kwa kidole kwenye shuka, anachora usingizini. Mimi naangalia vitu vichache tu: anarudia bila kuambiwa? Akikwama anabadilisha njia au analia na kuacha? Anachukizwa na kazi yake mwenyewe hata pale sisi tunapoisifia? Hiki cha mwisho ndio huwa kinanishtua zaidi, mtoto wa miaka 8 unamwambia pazuri sana anakujibu hapana mama bado hapa, na kidole kinaenda palepale penye kasoro ambayo wewe mtu mzima hukuiona.

---

mwalimu_wa_awali

Naomba nichangie kama mwalimu wa watoto wadogo. Dada ameongea kitu cha msingi sana na mimi naongezea kuhusu zawadi maana wazazi wengi wanakosea hapa kwa nia njema tu.

Mwaka 1973 kuna watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Walichukua watoto 51 ambao walishawaona wanapenda kuchora kwa makapeni wenyewe bila kusukumwa. Kundi la kwanza wakaambiwa mkichora mtapewa cheti kizuri chenye utepe. Kundi la pili hawakuambiwa ila walipomaliza wakapewa kwa kushtukizwa. Kundi la tatu hawakuahidiwa na hawakupewa. Siku zikapita, yale makapeni yakawekwa tena darasani wakati wa kucheza huru, hakuna cheti hakuna ahadi, watafiti wanaangalia tu nani anaenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti mwanzo walitumia muda kama nusu tu ya wenzao. Na hata siku ya cheti yenyewe michoro yao ilionekana hafifu zaidi.

Na mtaona wale walioshtukizwa hawakuharibika. Shida haikuwa cheti, shida ni kuahidiwa kabla. Mtoto alikuwa anachora kwasababu anataka kuchora, wewe ukamwekea bei, sasa kichwani mwake ikawa kazi ya kulipwa, malipo yakikoma na yeye anakoma. Kwahiyo mzazi ukitaka kumpa mwanao kitu kwasababu umefurahi mpe, ila usianze na "ukichora vizuri nitakununulia".

Darasani kwangu mtoto akiniletea kazi siku hizi sisemi nzuri wala mbaya. Nasema "nieleze hapa" na naweka kidole sehemu moja. Jaribuni muone watakavyoongea, mtoto aliyekuwa kimya wiki nzima anakuelezea dakika kumi kwamba huyu kavaa kofia kwasababu anaficha ndege kichwani.

---

MamaWawili

Mwalimu asante sana, hiyo "nieleze hapa" naichukua. Mimi huwa nauliza "hapa ulianzia wapi?" na majibu yake ndio yanaonyesha kichwa chake kinavyoenda. Binti yangu nilidhani anaanza na kichwa kama watu wengi, kumbe anaanza na kivuli! Anachora kwanza kile kigiza cha chini halafu ndio anamweka mtu juu yake, nikamuuliza kwanini, akasema ili asielee.

---

Mzaa Chema

Hamjambo wanangu. Mimi nina mjukuu wa miaka 6 ninakaa naye. Huyu hachori wala haimbi ila anaongea na mtu asiyekuwepo. Wanakaa wawili kwenye mkeka, mmoja namuona mmoja simuoni, wanagombana, wanapatana, mmoja ana duka mwingine anakuja kununua, na yule asiyeonekana ana jina na ana tabia zake, hapendi mvua. Wengine wananiambia mtoto ana tatizo, wengine wanasema anasema uongo. Nyie mnasemaje?

---

MamaWawili

Shikamoo mama. Usiogope hata kidogo. Watafiti waliofuatilia jambo hili, mfano Marjorie Taylor wa Marekani, walikuta zaidi ya nusu ya watoto wanakuwa na rafiki wa namna hiyo wakati fulani kabla hawajafika miaka 7 au wanapofikia hapo, wakihesabiwa na wale wanaoongea na mdoli au mto kana kwamba ni mtu. Na ukimbana mtoto mwenyewe atakwambia anajua kabisa kwamba yule mtu si wa kweli, wakati mwingine anakuambia kwa sauti ya kukuhurumia. Uongo ni kukudanganya ili apate kitu au akwepe kitu. Huyo wa kwako anatunga. Mtu asiyependa mvua, mwenye duka, mwenye hasira zake, huyo ni mhusika, ndio kazi ambayo watunzi wa riwaya wanaifanya wakiwa wakubwa.

Nikupe kisa cha kweli mama. Mwaka 1826 kule Haworth, Uingereza, mchungaji mmoja Patrick Brontë alimletea mwanae wa kiume boksi la askari 12 wa mbao. Mama wa watoto wale alishafariki miaka mitano nyuma. Watoto walikuwa wanne waliobaki, Charlotte ana miaka 10, Branwell anakaribia 9, Emily 7, Anne 6. Kila mmoja akajichagulia askari wake akampa jina, na kutokana na wale askari wakatunga nchi nzima, miji, vita, magazeti, wafalme, na wakawa wanaandika vitabu vidogo kama kiboksi cha kiberiti, kwa herufi ndogo ambazo mtu mzima anapata shida kuzisoma, karatasi nyingine ni za vifungashio tu walizookota mle ndani na kuzishona kwa uzi. Mchezo ule uliendelea miaka na miaka. Mwaka 1847 wale dada watatu wote walitoa riwaya ndani ya mwaka uleule na zinasomwa mpaka leo. Baba yao alileta boksi tu, akawaachia.

Kwahiyo mama ukiweza, siku moja muulize huyo rafiki anaishi wapi na kwao kukoje. Uliza tu halafu kaa usikilize. Na akikuambia leo hataki kuongea muache.

---

Fundi_Kimya

Sawa mnaongea vizuri ila tuongee ukweli wakuu. Mimi nilikuwa nachora sana nikiwa mdogo na mzee alikuwa ananichania daftari, leo ni fundi umeme na familia inakula. Sanaa ni starehe. Mtoto akiwa na kipaji cha hesabu hakuna anayemuuliza utaishije, akiwa na kipaji cha kuchora lazima umuulize. Binti wa MamaWawili ana miaka 8, ni vizuri sasa hivi, je akiwa na 16 akakuambia anataka kuchora tu?

---

MamaWawili

Kaka Fundi kwanza pole kwa lile daftari. Nimekaa nalo hilo neno muda kabla sijakujibu.

Mimi binti yangu simwandalii kuwa mchoraji. Simwandalii kuwa chochote kwa sasa. Ana miaka 8. Kinachonishangaza ni kwamba tukiona mtoto anachora haraka sana tunaruka miaka kumi mbele, huyu anaona ni msanii mkubwa, yule anaona ni njaa, na wote wawili wameacha kumwangalia mtoto aliyepo sebuleni. Nikimwona kalala chini anasoma mguu wa paka mimi naona mtu anayejifunza kuangalia. Hiyo itamfaa akiwa daktari, akiwa fundi, akiwa mchoraji. Wewe mwenyewe unaposoma ramani ya nyaya za nyumba nzima ukaiona kichwani kabla hujagusa ukuta, sidhani kama yale macho uliyapatia kwenye ufundi umeme tu. Yule mtoto wa daftari lililochanwa nadhani bado anakusaidia kazi.

Halafu kuhusu wanaofika mbali kweli. Benjamin Bloom, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1985 alitoa utafiti wa watu 120 waliofika juu kabisa, wapiga piano, wachongaji, waogeleaji, wacheza tenisi, wanahisabati, madaktari watafiti wa mishipa ya fahamu. Wakarudi kuwauliza wao na wazazi wao utoto ulikuwaje. Wengi wao utotoni hawakuonekana kama maajabu, na walimu wao wa kwanza mara nyingi walikuwa watu wa kawaida tu wa jirani ambao sifa yao kubwa ni kwamba walikuwa wapole na wanafanya lile somo liwe la raha. Ukali na mazoezi mazito vilikuja baadaye, mtoto mwenyewe akiwa ameshapenda. Na nyumbani kulikuwa na mtu anayejali, anayekaa pembeni anasikiliza. Sasa ukianza na ukali kabla ya kupenda unakuwa umeanzia mwisho.

Na nikiwa hapohapo niseme la watoto wa kike maana linaniuma. Mozart kila mtu anamjua. Alikuwa na dada yake Maria Anna, mkubwa kwake kwa miaka minne na nusu, wanamwita Nannerl. Baba yao Leopold mwaka 1759 aliandaa daftari la nyimbo za kujifunzia, na daftari lile lilikuwa la huyo dada, mdogo wake alijifunzia humohumo. Wakazunguka Ulaya wakipiga wote wawili mbele ya wafalme na dada alisifiwa sana. Ilipofika mwisho wa 1769 baba na kijana wakaenda Italia, binti ana miaka 18 akaachwa nyumbani kwasababu umri wa kuolewa ulikuwa umefika. Nyimbo alizotunga yeye hakuna hata moja iliyobaki, japo barua za mdogo wake zinaonyesha alikuwa anatunga na anamsifia. Hivyo mimi nikiona mtu anasema binti aache kuchora aje kuosha vyombo na kaka yake anaendelea na ngoma yake kwenye ndoo, hapana, nyumbani kwangu wanaosha wote halafu wanarudi wote kwenye mambo yao.

---

Kalamutupu

Hii ya Nannerl sikuwa naijua kabisa. Dada tuwekee picha za hao paka basi tuone.

---

MamaWawili

Nimemuuliza mwenyewe kama niweke, kakataa. Kasema wale paka bado hawajaisha. Basi siweki.

Na hili nalisema kwa uzito kabisa wazazi wenzangu, kazi ya mtoto ni ya mtoto. Kumpostia bila kumuuliza, kuwaonyesha wageni wakati yeye kajificha nyuma ya mlango, kumwita aje aimbe mbele ya watu ghafla "waimbie wajomba zako ule wimbo", mtoto anasimama pale kama kakamatwa. Wapo wanaopenda, wangu wa kiume ukimwita anakuja mbio na glasi zake. Dada yake akiitwa hivyo hachori siku kadhaa. Wamelelewa nyumba moja na ni watu wawili tofauti kabisa, ndio maana nasema ni kumjua huyu uliye naye.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 una kifungu cha 31, kinasema mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki sanaa. Kupumzika kimetajwa kwanza. Mimi naona muda mtupu ndio kitu watoto wa siku hizi wanakosa zaidi kuliko hata rangi, anatoka shule anaingia masomo ya ziada anatoka anaingia kwenye simu analala. Ule uchoshi wa jioni, ule wa "mama sina cha kufanya", nikiuvumilia bila kumpa simu na bila kumtafutia shughuli, saa hiyohiyo ndio unaona boksi linageuka meli.

---

BabaWaTatu

Naomba msaada kwenye uzi huu huu. Kijana wangu ana miaka 11. Alikuwa anachora kuanzia asubuhi mpaka usiku, magari, majengo, watu. Mwaka huu kaacha ghafla. Nikimuuliza anasema "sijui kuchora". Nikimwambia mbona unajua sana ananiangalia kama namdanganya. Sijamkataza, sijamgombeza. Inaniumiza kwakweli. Nifanyeje?

---

MamaWawili

Kaka, huo umri ndio wenyewe. Kwenye zile hatua za Lowenfeld nilizosema juu, kuanzia miaka 9 hivi macho ya mtoto yanatangulia mkono. Zamani alichora gari anavyolijua, magurudumu manne yote yanaonekana na alikuwa ameridhika. Sasa anaona gari linavyoonekana kweli, anajua kwamba la mbali ni dogo na la karibu kubwa, anajua duara likiinamishwa linakuwa yai, lakini mkono haujafundishwa kufanya hivyo. Anaona pengo. Na hana wa kumvusha, basi anahitimisha kwamba hajui. Kwahiyo anavyosema "sijui kuchora" ana maana yake, na ukimjibu unajua sana anaona humuelewi.

Kwa mtoto wa miaka 4 nilisema muache asifundishwe. Kwa huyu wako nasema kinyume, huyu sasa ndio anataka kuonyeshwa namna. Mkalishe, mwambie naona unataka ionekane kama kweli, hiyo ina mbinu zake na zinajifunzwa. Kuna zoezi ambalo mimi na binti tunalifanya kwa raha tu: chukua picha yoyote ya mtu aliyekaa, igeuze kichwa chini miguu juu, halafu mwambie aichore hivyohivyo bila kuigeuza. Ikiwa imepinduliwa akili haisemi tena "hili ni jicho hili ni pua", inaona mistari na nafasi tu, na akimaliza akageuza karatasi mara nyingi anashangaa mwenyewe. Zoezi la pili, achore kiganja chake bila kuangalia karatasi, macho yanatembea taratibu kwenye ukingo wa kidole na penseli inatembea pamoja. Mchoro utatoka kituko lakini ile mistari inakuwa na uhai, na kwakuwa hakuna aliyetegemea uwe mzuri hapati aibu. Na mfundishe au mtafutie wa kumfundisha ule mstari wa upeo wa macho na nukta moja ambayo barabara na kuta zote zinakimbilia huko. Mtoto anayependa majengo akishajua hiyo nukta humkuti tena, amezama.

Na kama hata baada ya hapo hataki, angalia kama hajahamia kwingine. Mtoto anayeacha kuchora akaanza kupiga picha kwa simu na kurudia picha ileile ya kikombe kwenye mwanga tofauti hajaacha kitu, kabadilisha kifaa tu.

---

mwalimu_wa_awali

Naunga mkono. Na baba kaa chini uchore na wewe. Usimsimamie, kaa chukua karatasi yako.

---

BabaWaTatu

Nimeelewa, leo jioni naanza na hiyo ya kupindua picha, nitachora na mimi. Swali la mwisho, michoro yake ya zamani yote nimeitunza kwenye mfuko mkubwa, imeanza kujikunja na mingine imefifia, naihifadhije?

---

MamaWawili

Iweke imelala flati kwenye boksi pana au faili kubwa, usiikunje wala kuizungusha, weka mahali pakavu pasipo na jua. Makapeni yanafifia haraka sana kwenye mwanga, penseli na kreyoni zinavumilia zaidi, kwahiyo zile unazozipenda sana za makapeni zipige picha mapema kwa mwanga wa dirishani. Usibandike selotepu juu ya mchoro, baada ya muda inageuka njano na gundi inakula karatasi. Huwezi kutunza yote, mpe yeye achague kwanza ndio na wewe uchague zako, na chaguo zenu hazitafanana.

Nyuma ya kila karatasi andika kwa penseli, sio kwa peni maana wino unaweza kutokea upande wa pili, tarehe na kile alichosema mwenyewe kuhusu mchoro ule, maneno yake vilevile alivyoyatamka.